Mungu Hana Wakala: Waliyoyaamini Emerson na Wenzake wa Concord

Mwenyekiti, walimu wangu, masheikh na mapadri mlioitikia mwaliko, kina mama, na nyinyi vijana wa sekondari mliojibana kule nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze waliamini nini wale Wamarekani walioitwa Watransendentali. Jina lao ni refu, na waliolishabikia zaidi mwanzoni ni waliokuwa wakiwacheka, kwa hiyo sitatusumbua nalo. Nianze na usiku uliowaponza.

Jumapili jioni, tarehe 15 Julai 1838, katika chuo cha dini cha Harvard, nje kidogo ya Boston, wahitimu wasiofika kumi walikaa na maprofesa wao kumsikiliza mgeni waliyemchagua wenyewe. Ralph Waldo Emerson alikuwa na miaka 35, aliwahi kuwa mchungaji, na uchungaji ameuacha. Walitarajia mawaidha ya kuwaaga, kama inavyokuwa kwenye mahafali yoyote. Akawaambia kwamba dini wanayokwenda kuihubiri imekauka. Yesu, alisema, aliona kuliko wote kwamba Mungu hukaa ndani ya mwanadamu; waliokuja nyuma yake wakaliacha hilo wakashikilia jina lake. Miujiza, kwa namna makanisa yalivyokuwa yakiitaja, ilimtisha kama zimwi, kwa kuwa ilitengwa na mvua inayonyesha na majani yanayochanua. Kisha akasema maneno ambayo, mkinibana nichague sentensi moja tu ya harakati nzima, nitawapa hayo: kazi ya mwalimu wa kweli ni kutuonyesha kwamba Mungu yupo, si kwamba alikuwepo, kwamba anasema, si kwamba alisema.

Akawasimulia pia kisa. Aliwahi kukaa kanisani wakati theluji inaanguka nje. Akamtazama mhubiri, kisha akatazama dirishani nyuma yake, na theluji ndiyo iliyokuwa kitu cha kweli. Mhubiri alikuwa kivuli. Katika mahubiri yote hamkuwa na neno moja la kuonyesha kwamba mtu yule aliwahi kucheka au kulia, kuoa au kupenda, kudanganywa au kupata hasara. Nadhani wengi humu tumewahi kukaa kwenye ibada ya namna hiyo, tena bila hata theluji ya kutazama.

Maprofesa waliwaka. Andrews Norton, mwanazuoni mkubwa wa Biblia wa zama zile, aliyaita mafundisho hayo ukafiri wa mtindo mpya. Harvard haikumwalika tena Emerson kuzungumza kwa karibu miaka 30.

Sasa, mtu atauliza: hao waliokasirika walikuwa washika dini wakali? Hapana, na hapa ndipo utamu wa habari ulipo. Walikuwa Waunitari, Wakristo walioukana Utatu, waliosema Mungu ni mmoja na Yesu si Mungu. Kwa Boston ya siku zile hao ndio waliokuwa wasomi na waungwana. Lakini walikuwa wamemfuata mwanafalsafa Mwingereza John Locke, aliyefundisha kwamba akili ya mtoto huzaliwa tupu, na kila inachokijua kimepita kwenye milango mitano ya fahamu. Ukikubali hivyo, utamjuaje Mungu? Huwezi kumwona wala kumshika. Inabidi uwategemee mashahidi: kuna watu waliiona miujiza, wakaandika, na maandishi yao tukiyachunguza tunayakuta ni ya kuaminika. Imani inakuwa kesi mahakamani, na ushahidi wenyewe una umri wa miaka 1800.

Emerson alilelewa humo. Mwaka 1829 alipewa kanisa Boston na akamwoa Ellen Tucker. Februari 1831 Ellen alikufa kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 19. Mwaka mmoja na kidogo baadaye Emerson aliandika kwenye daftari lake, kwa sentensi fupi, kwamba amekwenda kaburini kwa Ellen na kufungua jeneza. Hakueleza aliona nini. Miezi michache baada ya hapo aliwaambia waumini wake kwamba hawezi tena kuendesha ibada ya mkate na divai kwa moyo mmoja, na akaondoka. Sisemi jambo lile moja limezaa hili jingine. Ninachosema ni kwamba mtu huyu hakuutafuta uhakika wa ndani kwa sababu ya starehe ya kusoma vitabu.

Mwaka 1836 akatoa kitabu kidogo kuhusu maumbile, bila jina lake juu ya jalada, na mwezi ule ule wa Septemba kikundi cha wachungaji na wasomi kikaanza kukutana majumbani kuzungumza. George Ripley alikuwemo, Frederic Henry Hedge alisafiri kutoka Maine, na baadaye wakaingia Bronson Alcott, mwalimu wa skuli mwenye ndoto nyingi na pesa chache, Theodore Parker, Margaret Fuller, Elizabeth Peabody, na kijana wa Concord, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts alikokaa Emerson, ambaye baba yake alikuwa na karakana ya penseli, Henry David Thoreau. Hawakuwa na kiapo wala kadi ya uanachama, na hawakukubaliana kwa mengi. Lakini kiini kilikuwa kimoja.

Kiini chenyewe ni hiki. Walisema mtu ana namna mbili za kujua. Kuna akili inayopima na kulinganisha, ile ya sokoni na maabara, hiyo waliiheshimu. Na kuna kujua kunakokuja moja kwa moja, bila kupita kwenye macho wala kwenye hoja, kama unavyojua kwamba ukatili ni ubaya hata kabla hujaambiwa. Fikra hizi walizipata kwa mwanafalsafa Kant wa Ujerumani, ingawa wengi wao walizisoma kwa mshairi Mwingereza Coleridge, aliyezipika upya kwa namna yake. Kwa njia hiyo ya pili, walisema, kila mtu anamfikia Mungu bila wakala. Na kinachosema ndani yangu ndicho kinachosema ndani yako. Emerson aliiita Nafsi Kuu: umoja ambao ndani yake kila nafsi imo na imeungana na nyingine zote.

Najua masheikh wawili watatu hapa mbele wameshaikumbuka aya ya Suratul Qaf, kwamba Yeye yuko karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo. Siwezi kuwaambia Emerson alikuwa Mwislamu kwa siri. Maana aya inamtenga Muumba na kiumbe, naye Emerson mpaka huo aliufuta mara nyingi. Ila haikuwa bahati nasibu kwamba alivutwa na mashairi ya Waajemi. Aliwasoma Hafidh na Saadi kwa tafsiri za Kijerumani, na ilipochapishwa Gulistan ya Saadi kule Marekani mwaka 1865 dibaji aliiandika yeye. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, nayo aliisoma, na Thoreau akaenda nayo msituni. Kwa watu wa mji mdogo wa Massachusetts wakati ule, hayo yalikuwa makubwa.

Kutokana na kiini hicho ndipo yanapotoka mengine. Maumbile, kwanza. Siku hizi mtu akisikia Emerson alipenda maumbile anadhani alikuwa mtu wa mazingira, wa kupanda miti. Kwake maumbile yalikuwa maandishi: kila kinachoonekana ni ishara ya jambo la rohoni, na mtu akitulia anaweza kuyasoma. Anasimulia alivyokuwa akivuka uwanja mtupu jioni, madimbwi ya theluji chini, mawingu juu, hana hata jambo zuri analofikiria, mara akajawa na furaha iliyokaribia kuwa hofu. Akasema amekuwa jicho linalopitisha nuru kama kioo. Si kitu, na anaona vyote. Rafiki yake Christopher Cranch, mmoja wao kabisa, alimchora kikatuni: jicho kubwa lenye kofia, limesimama juu ya miguu mirefu myembamba. Nawapenda watu hawa kwa sababu hiyo pia. Walijua kuchekana.

La pili ni kuiamini nafsi yako, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu ndilo linaloharibiwa zaidi. Insha ya mwaka 1841 ya Emerson juu ya jambo hili imekatwakatwa vipande na wahamasishaji wa mitandaoni: jiamini, usiwasikilize watu, wewe ni wewe. Maneno hayo yamo, siyakatai. Lakini wahamasishaji wameng'oa mzizi. Emerson hakusema uiamini nafsi yako kwa kuwa ni yako. Alisema uiamini kwa kuwa ukishuka chini vya kutosha utakuta si yako peke yako. Kuna Mungu pale, na jirani yako yupo pia. Ukiutoa msingi huo, kinachobaki ni kiburi cha mtu na gari lake jipya.

Hata hivyo sitamtetea kwa kila kitu. Ndani ya insha ile ile anahadithia alivyoulizwa ujanani: je, kama misukumo hiyo inatoka chini na si juu? Akajibu kwamba haoni hivyo, lakini akiwa yeye ni mwana wa shetani, basi ataishi kwa shetani. Jibu lina ladha, ila ni bovu. Na akiambiwa kuhusu wajibu wake kwa maskini anauliza: kwani hao ni maskini wangu? Mtu aliyetoka kusema kwamba nafsi zote ni moja hakustahili kuuliza swali hilo.

Na haikuwa hatari ya nadharia tu. Mwaka ule ule wa 1838 kijana Jones Very, mshairi wa Salem aliyekuwa akifundisha Kigiriki Harvard, alisikiliza sauti ya ndani hadi akatangaza kwamba kuja kwa pili kwa Kristo ni ndani yake yeye. Akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili akakaa kama mwezi. Emerson hakumtupa, alimsaidia kuchapisha mashairi yake. Husimuliwa kwamba Very hakutaka yasahihishwe kwa kuwa yametoka kwa Roho, na Emerson akamuuliza: kwani Roho hajui tahajia?

Januari 1842 ilikuwa mtihani wa aina nyingine. Tarehe 11 kaka yake Thoreau, John, alikufa kwa pepopunda baada ya kujikata kidogo kwa wembe. Tarehe 27 mtoto wa Emerson, Waldo, mwenye miaka mitano, alikufa kwa homa nyekundu. Mji ule ule, mwezi mmoja. Kabla ya hapo Emerson alikuwa ameandika kwamba kila hasara ina malipo yake. Miaka miwili baadaye aliandika insha nyingine, na humo anakiri jambo zito: huzuni haikumfundisha kitu, na kifo cha mwanawe kimemwacha kama mtu aliyepoteza shamba zuri, hakijamgusa ndani. Wengine wanaisoma na kumwona hana moyo. Mimi namwona mtu ambaye falsafa yake imegonga ukuta na yeye hakuficha kishindo.

Thoreau alikwenda njia yake. Tarehe 4 Julai 1845 alihamia kwenye kibanda alichokijenga kando ya ziwa la Walden, kwenye ardhi ya Emerson, kwa gharama ya dola 28 na senti kumi na mbili na nusu. Hesabu za misumari na chokaa ameziandika kitabuni moja moja. Alikaa miaka miwili na miezi miwili. Watu hupenda kumcheka kwamba mjini palikuwa karibu na alikuwa akienda kula kwao. Alikuwa akienda, naye hakuficha. Hakuwa anatafuta upweke wa fakiri. Alitaka kujua mtu anahitaji kidogo kiasi gani ili kiasi kinachobaki cha siku yake kiwe chake. Mwisho wa kitabu hicho, kilichotoka 1854, limo jina ambalo wenyeji wa Unguja mtalitambua: anasema haifai kuizunguka dunia ili ukahesabu paka wa Zanzibar. Maana yake, safari ndefu iliyobaki ni ya ndani. Kuhusu paka hakukosea. Ukitaka kuwahesabu pale Forodhani usiku utachoka.

Hakuitaja Zanzibar kwa kuwa jina linapendeza tu. Meli za Salem, bandari ya jirani na Boston, zilikuwa hapa. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, na 1837 balozi mdogo wa Kimarekani, Richard Waters wa Salem, alifungua ofisi mjini Unguja. Zilichukua pembe za ndovu, sandarusi, karafuu. Zilileta kitambaa ambacho mabibi zetu walikiita merikani, na kwa miaka mingi kilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini.

Na hapa nawaleta kwenye shamba la Fruitlands. Juni 1843 Bronson Alcott na Mwingereza Charles Lane waliwachukua watu wachache, pamoja na mke wa Alcott, Abigail, na mabinti wanne, kwenda kuishi maisha yasiyomdhulumu kiumbe yeyote. Hakuna nyama, maziwa wala mayai. Hakuna sukari, kwa kuwa ililimwa na watumwa. Hakuna sufu, kwa kuwa ni mali ya kondoo. Na pamba marufuku, kwa sababu hiyo hiyo ya watumwa, wakavaa kitani. Wakati viwanda vya jimbo lao vinatuvisha sisi merikani, watu hawa wachache walikataa hata uzi wake kugusa ngozi yao. Januari iliyofuata shamba lilikuwa limekufa kwa njaa na baridi. Binti mmoja, Louisa May, alikuwa na miaka kumi. Alipokua akaandika hadithi ya kuwakejeli, na ndani yake mgeni anauliza kama shambani kuna mnyama wa mizigo, mama mwenye nyumba anajibu: yupo mmoja tu, mwanamke.

Jibu hilo lingemfurahisha Margaret Fuller. Huyu alikuwa na usomi kuliko wanaume wengi wa kundi lile, alihariri jarida lao la The Dial miaka miwili ya mwanzo, na kuanzia 1839 aliendesha mabaraza ya mazungumzo ya wanawake mjini Boston. Hoja yake ni ya kiini kile kile, ila imesogezwa hadi mahali wenzake hawakuisogeza: kama nafsi zote zina nuru moja, nani aliyeigawa kwa jinsia? Katika kitabu chake cha 1845 anasema mwanamke aachiwe kazi yoyote. Wacha wawe hata manahodha, wakitaka. Kina dada wa pwani, nawaachia hilo mkalijadili nyumbani. Fuller mwenyewe alikufa baharini Julai 1850, akirudi kutoka Italia na mume na mtoto. Meli ilikwama mchangani karibu na New York, ufuko unaonekana.

Utumwa ndio uliowalazimisha wachague. Emerson alichelewa, wanawake wa Concord, mkewe Lidian miongoni mwao, walianzisha chama cha kuupinga mwaka 1837 wakati yeye bado anasitasita, na madaftari yake ya ujanani yana maneno kuhusu watu weusi ambayo sitayasoma hapa. Tarehe 1 Agosti 1844 alipokubali hatimaye kutoa hotuba kamili juu ya jambo hilo, ilibidi Thoreau aingie mwenyewe kanisani kuvuta kengele ya kuwaita watu, maana hapakuwa na aliyetaka kuipiga. Thoreau aliwekwa ndani usiku mmoja, Julai 1846, kwa kukataa kodi kwa serikali inayolinda utumwa na kupigana na Meksiko. Akalipiwa na mtu wa familia, akaudhika kutolewa. Insha aliyoitoa baadaye juu ya kukataa huko ilifika Afrika Kusini, ambako Gandhi alichapisha sehemu zake kwenye gazeti lake mwaka 1907.

Kisha ikaja sheria ya 1850, iliyomlazimu kila raia wa kaskazini kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka. Emerson aliandika kwenye daftari lake kwamba uchafu huu umetungwa katika karne ya kumi na tisa, na watu wanaojua kusoma na kuandika, na akaapa kwa Mungu kwamba hatautii. Lakini aliyetenda zaidi ni Theodore Parker. Katika kanisa lake walikuwemo William na Ellen Craft, waliotoroka Georgia mwaka 1848: Ellen, ambaye ngozi yake ilikuwa nyeupe, alijifanya bwana kijana mgonjwa, mkono umefungwa bandeji ili asiombwe kusaini, na William akajifanya mtumwa wake, wakapanda treni na meli mchana kweupe hadi kaskazini. Wawindaji walipofika Boston kuwarudisha, Parker alimficha Ellen nyumbani kwake, na mahubiri yake akawa anayaandika bastola yenye risasi ikiwa mezani. Kabla hawajakimbilia Uingereza aliwafungisha ndoa ya kisheria. Akampa William Biblia kwa ajili ya roho yake na ya mkewe, na silaha ya kumlinda Ellen. Akamwambia aitumie bila chuki, na ikibidi tu.

Parker huyo huyo alikuwa miongoni mwa watu sita waliomchangia fedha kwa siri John Brown, aliyevamia ghala la silaha la serikali huko Harpers Ferry mwaka 1859 akitaka kuwapa watumwa bunduki. Thoreau alisimama hadharani Concord kumtetea Brown kabla hajanyongwa. Brown naye alisema Mungu amemtuma. Na miaka mitatu kabla, kule Kansas, watu wake waliwatoa watu watano majumbani mwao usiku na kuwaua kwa mapanga. Sauti ya ndani haikuja na cheti cha kuonyesha imetoka wapi. Mimi naona kipimo kimo ndani ya imani yao wenyewe: sauti inayokupa wewe kitu na kumnyima mwenzako mwenye nafsi ile ile haiwezi kuwa ya Nafsi Kuu, na kwa kipimo hicho mwenye watumwa anaanguka asubuhi mapema. Brown ananitatiza zaidi. Mwalimu aliyekaa kulia kwangu ameniambia wakati wa chai kwamba atanipinga juu ya Brown, na kwamba amekuja na karatasi zake. Mwenyekiti, nampisha yeye aanze.